Naomba ushauri: kingamwili ya pili inawaka hata pasipo ya kwanza

Wakuu, habari za kazi. Niko kwenye utafiti wa uzamili, nataka kuona nyuzi za tubulini (protini ya kiunzi cha seli) ndani ya seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara). Kingamwili ya kwanza, inayoshika tubulini, ni ya panya. Ya pili, inayoishika ile ya kwanza, ni ya mbuzi dhidi ya panya, yenye rangi ya kijani inayong'aa ya Alexa Fluor 488. Nagandisha seli kwa kemikali ya paraformaldehaidi 4% dakika 15, natoboa utando kwa sabuni ya Triton X-100 0.1%, naziba sehemu zinazonasa kingamwili ovyo kwa BSA (protini ya damu ya ng'ombe) 1% nusu saa, kisha, baada ya kingamwili ya kwanza, ya pili naizimua 1:200 na kuiweka saa nzima gizani.

Shida ni slaidi ya kulinganishia. Hiyo haikupewa kingamwili ya kwanza kabisa, lakini nayo ni kijani! Si nyuzi, ni ukungu uliotanda seli nzima, na vinukta vikali hapa na pale kama mchanga. Seli zisizopakwa chochote ziko giza, kwa hiyo si mng'ao wao wenyewe. DAPI (rangi ya bluu ya kuonyesha kiini cha seli) haina neno.

Nimewaza kushuka hadi 1:1000, au kuziba kwa seramu ya mbuzi 5%. Vinukta nadhani ni mabonge ya kingamwili ya pili. Je, nikikizungusha kichupa chake kwenye sentrifuji yatatuama chini? Kichupa chenyewe kiduchu na bei mnaijua, sitaki kukimaliza kwa kubahatisha. Mngeanza na lipi?