Punje za aljinati zenye kurkumini zinatoka na mikia

Wakuu, naomba msaada. Nayeyusha kurkumini (kiini cha njano cha binzari) kwenye ethanoli, nachanganya na aljinati ya sodiamu 2% (ute wa mwani unaoganda ukikutana na kalsiamu), kisha nadondosha kwa sindano ndani ya kloridi ya kalsiamu 2%. Punje zinatoka na mikia, na maji yanakuwa ya njano. Nakosea wapi?

Jibu: Mkia unatokana na tone kugonga maji kabla halijawa duara. Inua sindano hadi sentimita 10 hivi. Mkia ukibaki, punguza aljinati iwe 1.5%.

Jibu: Mkuu, tatizo kubwa hasa ni ethanoli. Ikikutana na maji, kurkumini inageuka fuwele, na ethanoli inayotoka inaibeba nje. Iyeyushe kwenye mafuta, tia Tween 80 (kiunganishi cha mafuta na maji), koroga kwa kasi mpaka ipatikane kama maziwa ya njano, ndipo uchanganye na aljinati. Acha itulie, viputo vitoke.

Jibu: Naongezea. Zichovye punje kwenye kaitosani (polima itokanayo na maganda ya kamba na kaa) 0.5% iliyoyeyushwa kwa asidi asetiki 1%, vitundu vizibike. Ukipima kasi ya kurkumini kutoka kwenye punje, jihadhari na bafa ya fosfeti (myeyusho wa kutuliza pH): inanyang'anya kalsiamu, punje zinasambaratika. Na funika vyombo, tafadhali; mwanga unaharibu kurkumini.