HAProxy: kuki haionekani, wateja wanatolewa nje. Naomba ushauri

Wakuu, habari za kazi. Nina HAProxy, programu inayogawa wateja kwenye seva mbili za PHP, na kila seva inatunza sesheni (kumbukumbu za mteja aliyeingia) kwenye diski yake. Mteja akirukia seva ya pili anaambiwa aingie upya, kikapu kitupu! Nilijaribu "balance source" (kumpeleka mteja seva ileile kwa kufuata IP yake), lakini wanaotumia simu IP zao hubadilika kila mara. Sasa nimeweka "cookie SERVERID insert indirect nocache" (kuki ya kukumbuka seva ya mteja), ila kwenye kivinjari kuki haipo kabisa. Cheti cha HTTPS kiko kwenye seva za nyuma, HAProxy iko "mode tcp" (inapitisha data tu bila kuisoma), kwa hiyo nahisi haioni kilichomo ndani. Nihamishie cheti kwake na kutumia "mode http" (isome maombi yenyewe), au niachane na kuki, sesheni ziende Redis (hifadhi moja ya pamoja kwa seva zote)? Bosi anataka jibu kesho, msinicheke.