Nitakuwa mbeba maji jangwani: mtu wa Lubumbashi ajizoeze wapi?

Fundi_Katuba

Jambo yenu, wakubwa na wadogo. Nivumilieni, nimeandika ndefu.

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Lubumbashi, Katuba. Tena naendesha: huu ni mwaka wa tisa napeleka masanduku ya chanjo kwenye vituo vya afya vya vijijini, upande wa Kasenga, juu ya Yamaha AG100, mvua ikinyesha au kiangazi kikiwaka. Potopoto naijua. Vumbi nimelila kuliko bukari, ugali wetu.

Sasa nina mteja, injinia wa mgodi, ambaye pikipiki yake haiguswi na mtu mwingine ila mimi. Ameandikisha pikipiki mbili katika Africa Eco Race ya Januari, ile inayotoka Moroko, inakata Mauritania na kuishia Ziwa la Waridi karibu na Dakar. Moja ataendesha yeye. Ya pili ananipa mimi, lakini niwe mbeba maji wake. Msiojua rali, hayo si maji ya kunywa. Nashindana kama wengine, namba yangu ninayo, ila nikimkuta kando ya njia gurudumu limepinda, nafungua langu nampa. Yeye anaondoka, mimi nabaki. Ndiyo maana pikipiki zote mbili ni za cc 450, za aina moja, zimefanana hadi skrubu.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Usiku ndipo nilipoanza kuhesabu nisivyovijua. Matuta ya mchanga: huku kwetu tuna vichuguu vikubwa kama nyumba, matuta hatuna. Rodibuku, ile karatasi ndefu ya kuviringisha inayokuongoza badala ya ramani: nimeiona kwenye video tu. La tatu limetoka kwa mke wangu, tukiwa mezani. "Bosi wako akikwama mahali hakuna barabara, wewe utamwonaje?" Nikamwambia nitamwona tu. Akacheka, akaendelea kula.

Nina miezi minane. Nianzie wapi?

Lori_la_Shaba

Leki, mdogo wangu, mazoezi ya vumbi nenda Kasumbalesa mpakani, nyuma ya malori. Ukirudi na mapafu yote mawili, umefuzu.

Lakini kwa nini rali hiyo na si rali ya Dakar yenyewe? Kama kuna mtu analipa, si mngeenda kule kwa wakubwa?

Kiuno_Chuma

Lori, rali ya Dakar iko Saudi Arabia tangu 2020. Na kule mgeni kabisa hapokelewi, lazima awe amemaliza rali nyingine kwanza. Africa Eco Race ndiyo iliyobaki kwenye njia za zamani. Wala haifungi watu kwenye 450 kama Dakar: mwaka 2024 Jacopo Cerutti aliishinda kwa Aprilia ya 660.

Fundi, mchanga upo, hujafika tu. Vuka Kolwezi ushike njia ya Kasaji. Mchanga wa Kalahari umepanda hadi kule. Si matuta, ni mchanga mlalo, mrefu, unaokunywa gurudumu la mbele. Mimi nilianguka mara kumi na moja siku ya kwanza, na watoto wa kijiji wakahesabu pamoja nami kwa sauti. Punguza upepo hadi kama bari 1, lakini hakikisha kile chuma cha kubana tairi kwenye rimu kimekazwa, maana tairi lenye upepo mdogo huteleza juu ya rimu na kukata valvu ya mpira wa ndani. Simama juu ya vikanyagio, kaa nyuma kidogo, gesi isikatike. Gurudumu la mbele likianza kucheza, liache licheze. Anayelikamata ndiye anayeanguka.

Matuta yenyewe utayakuta huko huko, ila yaweke kichwani mapema. Upande unaopanda na upande unaoshuka havifanani: wa pili unaweza kuwa umekatika kama ukuta. Usiruke kileleni. Fika juu, geuka kidogo ubavu, chungulia, ndipo ushuke. Ukilazimika kusimama, simama pua ikitazama chini. Saa sita mchana kivuli kinapotea na tuta unaliona kama meza, basi hapo punguza hata kama unajiona mjinga.

Na ukitaka mtu wa kumtazama kwenye video, mtazame Ross Branch wa Jwaneng, Botswana, ambaye ni rubani pia. Alikuwa wa pili Dakar 2024, nyuma ya Ricky Brabec. Tazama magoti yake, kasi yake iache.

Mzee_Buji

Mwanangu, wamekujibu mchanga, na wamekujibu vizuri. Mimi naanza na swali la mke wako, maana yeye peke yake ndiye aliyeuliza kazi yako ni nini.

Nilikuwa fundi wa timu ndogo, ya kulala chini ya lori, mwaka 2006 na 2007, mbio za Dakar zilipokuwa zinaanzia Lisbon. Tulikuwa na mbeba maji kijana, mwepesi kama swala. Jioni moja alifika kambini dakika tisa mbele ya kiongozi wake, tukampigia makofi. Kesho yake, kwa kuwa watu huondoka kwa kufuata matokeo ya jana, yeye akatangulia. Mchana kiongozi akavunja rimu kwenye mawe. Kijana alikuwa kilomita sitini mbele, hana habari. Vipuri vyote vya timu vinakimbilia Dakar, mwenye shida amekaa nyuma juu ya jiwe! Jioni ile hatukupiga makofi.

Kwa hiyo uwe nyuma yake. Dakika kumi, kumi na tano. Ukijiona unaweza kumpita, usimpite. Najua wewe ni mwendeshaji, na mtu aliyeendesha miaka tisa kwenye potopoto ya Kasenga huenda ana mkono kuliko injinia wa ofisini. Meza hilo tangu sasa. Kama huwezi kulimeza, mwambie bosi atafute mwingine, na hakuna aibu.

Tena kuwa nyuma hakutoshi kama haupo kwenye mstari wake. Rodibuku itakuambia, kwa mfano: kilomita 112.40, acha njia, shika digrii 215. Ukikosea digrii kumi tu, baada ya kilomita tano uko mita 870 pembeni. Huko kwenye matuta, mita 870 ni nchi nyingine. Utampita anakupungia koti na hutamwona. Wala usifuate vumbi la aliye mbele, huenda na yeye amepotea na anatafuta wa kupotea naye.

Jifunzie nyumbani. Chukua boksi la plastiki la chakula, toboa mashimo, pitisha vijiti viwili vyenye vifundo vya kuzungushia, weka karatasi ya roli ile ya mashine za risiti. Mtu mwingine aichore, si wewe! Mimi nilichora mwenyewe mara ya kwanza, nikaendesha vizuri sana, kumbe nilikuwa naendesha kwa kumbukumbu. Akuwekee umbali, mchoro wa njiapanda, digrii, na alama za hatari: mshangao mmoja, punguza, miwili, punguza sana, mitatu, kaa tayari kusimama. Zamani tulipewa rodibuku usiku na mwendeshaji akaipaka rangi mwenyewe kwa kalamu, akiwa nusu amelala. Nyekundu kwa hatari, kijani kwa digrii, kila mtu na rangi zake. Dakar waliacha hayo, wakaanza kutoa iliyopakwa tayari, asubuhi. Wewe paka hata kama ni mazoezi. Mkono ukipaka, jicho linakumbuka.

Alama tatu zile usizifanye mapambo. Mwaka 2007, hatua ya nne, kati ya Er Rachidia na Ouarzazate, alifariki Elmer Symons wa Afrika Kusini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushindana Dakar. Kabla ya hapo alikuja kama mtu wa msaada, upande wetu. Namkumbuka kila nikiona fundi anavaa kofia.

Sasa filta, na hapa usinibishie kwa kuwa wewe ni fundi. Jangwani kuna vumbi wanaloliita feshifeshi, laini kama unga wa muhogo, limejaza mashimo usiyoyaona. Mnalo jamaa yake hapo hapo, kwenye njia za malori ya madini mwezi wa nane. Mimi niliua injini kwa njia hiyo. Nilikosa mafuta ya filta, nikapaka oili chafu ya injini nikajisifu kwa ujanja. Oili ikashuka yote chini ya sponji, juu pakabaki pakavu, vumbi likapita kama wageni wa harusi. Kilomita mia sita, ringi zimekwisha, moshi wa bluu hadi nyumbani. Osha sponji kwa mafuta ya taa, kisha sabuni na maji, ikauke kivulini, paka mafuta yake yenyewe, kamua kwa kubana. Usiisonge kama nguo, utaichana. Paka grisi pale mdomo wa filta unapokaa. Na uziandae zote kabla ya kuondoka, moja kwa kila siku, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Usiku wa saa saba hutataka kuosha kitu.

Mazoezi ya usiku ndiyo haya: ukirudi kutoka Kasenga umechoka, usilale. Taa kichwani, badilisha oili, filta, kaza spoku, kagua beringi za magurudumu, kisha fungua gurudumu la mbele ulirudishe. Utaona unavyosahau. Mimi nimewahi kurudisha gurudumu vizuri kabisa nikaacha ekseli juu ya boksi la vifaa.

Muulize bosi pia kama ndani ya matairi mtaweka ile sponji nzima au mpira wa upepo. Sponji haitoboki, lakini lami ndefu kwa kasi inaipasha hadi inayeyuka. Hata mkiweka sponji, beba mpira mmoja wa inchi 21. Ni wa mbele, ila kwa dharura unaingia hata kwenye 18 ya nyuma.

Mama_Dripu

Mimi ni muuguzi, pikipiki siijui, ila nawaona waendeshaji wanavyoletwa.

Baba yangu wa Katuba, ukishatoa gurudumu utabaki pale hadi lori la kuokota watu lipite, hata usiku. Kwa hiyo maji ya mgongoni, zile lita tatu, usimalizie kumwonea bosi huruma. Maji matupu hayatoshi ukitoka jasho siku nzima. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Angalia mkojo: ukiwa kama chai, umechelewa.

Tena msidhani jangwani ni joto tu. Januari asubuhi kule ni baridi kama Juni yetu hapa, na mtaondoka kabla ya jua. Vidole vilivyoganda havivuti breki.

Fundi_Katuba

Aksanti sana wote. Papa Buji, lile la kumeza nimelimeza, ingawa limekwama kidogo kooni. Nilimwonyesha bosi maneno yako. Alinyamaza muda, akaniuliza, "Kwani unadhani una kasi kuliko mimi?" Sikujibu. Alijibu mwenyewe kwa kucheka.

Boksi nimelitengeneza. Karatasi ameichora mke wangu, na shemeji yangu akamwendesha kupima umbali, upande wa Kipushi, njia za wachoma makala, yaani makaa. Dira ni ya simu, wanasimama wanashuka ndipo anasoma digrii. Tulikubaliana watakaa mahali fulani ndani ya msitu, simu zimezimwa, nami niwatafute kwa karatasi tu.

Jumapili ya kwanza nilishika njia ya wachoma makala badala ya digrii zake, kwa sababu ilikuwa na alama mpya za matairi. Nikafika mtoni. Mtoni hakumo kwenye karatasi. Nilipowapata jua lilikuwa limeshuka, na wao walishakula.

Jumapili ya pili niliwapita. Walinisikia, shemeji akapiga mluzi, kofia haisikii. Mke wangu anasema nilikuwa nyuma ya kichuguu, karibu kiasi kwamba aliona bomba langu la moshi.

Juzi, Jumapili ya tatu, nilisimama kila penye digrii, nikashuka, nikahesabu kama mtoto wa shule. Nilichukua saa mbili kwa kilomita thelathini na nane. Nikawakuta chini ya mti, mbele kabisa ya gurudumu langu. Munkoyo ilikuwa imebaki nusu chupa. Mke wangu akanipa, akaniambia sasa nifungue gurudumu la mbele nimpe shemeji, yeye atashika saa.

Dakika kumi na saba. Ekseli sikuisahau, Papa.