Tupeane uzoefu: sevisi ya gari uani kwako mwenyewe, ulikutana na nini?

Boneti Wazi
Wakuu, habari za Jumapili. Asubuhi jirani yangu kapeleka Corolla yake AE110 ikamwagwe oili. Saa saba anarudi, gari linatoa moshi wa bluu mtaa mzima. Nikamwambia vuta kijiti cha oili tuone. Oili imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili! Fundi kapewa galoni la lita 4, kamimina lote. Injini yake ya 5A inataka lita 3 na ushee hivi, hapo umeshabadilisha na filta. Ikizidi vile, krenki (mhimili unaozunguka chini ndani ya injini) inaichapa mpaka inatoa povu, nyingine inapandia kwenye bomba la kupumulia na kuishia kwenye plagi. Tumelegeza nati ya sampu (karai la oili chini ya injini), tukapunguza kidogo kidogo, kazunguka mtaa, moshi umekata.

Ndiyo nikakumbuka kwa nini mambo ya oili, plagi, eya klina na padi za breki za mbele sitaki mtu anishikie. Leta yako: nini kilikusukuma uanze, na nini kilikukuta. Gari za petroli za zamani tu, wenye hibridi fungueni uzi wenu.

Mpangaji Sugu
Galoni lote! Ila tuwe wakweli, wateja nao. "Mimina yote, nimeilipia."

Chuma Kizee
Umenigusa penyewe. Mwaka ule tunakwenda msibani Dodoma, Carina Ti, nyuma nimempakia shangazi na wanawe wawili. Siku moja kabla ya safari gari limetoka gereji, sevisi kamili, risiti ninayo. Tumepita Chalinze vizuri, tunakaribia Mikese, taa nyekundu ya oili inawaka. Nikazima palepale, nikaacha gari liserereke lenyewe hadi pembeni. Nashuka, nageuka nyuma, naona lami ina mstari mweusi unaong'aa hadi kule kwenye kona.

Utingo wa lori moja ndiye aliyeingia chini. Akaifungua filta kwa mkono, maana ilikuwa haijakazwa sana, akaniletea aniulize: "Bosi, hii filta ina raba mbili?" Raba ya filta kuukuu ilikuwa imeng'ang'ania kwenye injini, na mwanamume yule wa gereji akafunga filta mpya juu yake. Raba mbili zikipandana zinashika mwendo mdogo mdogo. Injini ikipata mwendo, presha inaisukuma moja pembeni na oili yote inaaga. Shangazi muda wote yuko chini ya mti anauliza kama maiti itatusubiri.

Oili ililetwa na bodaboda kwa bei ya kuungua. Injini ilipona kwa sababu ilizimwa mapema. Tangu hapo nafungua filta mwenyewe, kwanza nahesabu raba kwenye ile iliyotoka, pili napitisha kidole pale inapokaa filta pote, tatu napaka oili mpya kwenye raba. Nakaza kwa mkono: ikishagusa, robo tatu ya mzunguko basi. Mambo ya kukaza filta kwa spana ya mnyororo muwaachie wenye ugomvi na magari yao.

Gia Kavu
Nakazia hapo kwenye kidole. Raba mbili nimeshaziona kwa macho yangu.

Fundi Halali
Naona mnajifurahisha kututukana mafundi. Mimi niko Gerezani miaka mingi na wateja wangu wakubwa ni nyie nyie mliojifungia uani na spana za seti. Mnakuja na nati zimeviringa, plagi imeingizwa upande, hedi imeharibika nyuzi. Halafu gari la mwaka 1996 mtu anaweka oili nyepesi ya 5W-30, wiki mbili inavuja kila kona. Gari limechoka tia 20W-50, ulale.

Dada wa Starlet
Fundi Halali shikamoo, ila hapo hapana. Inategemea injini kaka. Starlet yangu ina 4E, injini ya zamani, 20W-50 kwa joto la Dar sikatai. Lakini nyie mnamwekea hiyo hiyo mtu wa Toyota IST. Ile ina VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, inategemea oili ipite kwenye vinjia vyembamba kugeuza kamshafti (mhimili wa valvu). Ukimwekea oili nzito kama uji, asubuhi asubuhi inachelewa kufika juu, mnyororo wa taimingi unapiga kelele, mnamwambia "ni kawaida ya IST".

Fundi Halali
Marahaba. Mnyororo hupiga kelele kwa sababu mtu hajabadilisha oili tangu anunue gari. Usinifundishe kazi.

Gia Kavu
Wote mna hoja, ila mnazungumzia oili ya kweli. Kwenye oili feki hakuna 5 wala 20, humo ndani mna rangi tu.

Dada wa Starlet
Hilo nalo. Mimi kopo likiisha nalitoboa kabla ya kulitupa, wasije wakalijaza tena.

Mtoto wa Tandika
Mmenikumbusha mbali sana. Kaka yangu, tumbo moja, alikuwa na Corolla AE100. Likaanza kukosa nguvu, ukikanyaga linasita, kilima linapanda kwa kuomba. Akaambiwa filta ya petroli imeziba. Kwenye gari lile filta iko mlemle kwenye boneti, unaiona kwa macho, ndiyo maana akasema kazi ya nusu saa, hela ya fundi tunywee soda.

Jumamosi asubuhi, uani, nyumba ya kupanga. Mama wa chumba cha pili yuko na jiko lake la mkaa anachoma vitumbua vya biashara. Mimi kazi yangu kumpokeza kaka spana. Gari limetoka kuzimwa muda huo huo. Akaweka spana, akaegemea, nati ikakubali. Jamani, petroli haikudondoka, ILIRUKA. Ikampiga kifuani, ikagonga boneti, ikashuka hadi kwenye ule mfereji wa sementi wa maji ya kufulia. Na mfereji unaelekea wapi? Kwa mama vitumbua.

Kaka anapiga kelele "Toa jiko! Toa jiko!" Sasa hawa wawili walikuwa na ugomvi wao wa siku nyingi, moshi wa jiko na nguo za kuanika. Mama hata hakugeuka. "Jiko silitoi, kodi ninalipa kama wewe."

Petroli yenyewe haikuwa imefika kwake, ni ule mvuke uliotangulia chini chini. Niliona mwali wa bluu unarudi kwetu juu ya mfereji, kufumba na kufumbua bampa linawaka. Mungu ni mwema kaka alikuwa ameshalivua shati. Dada wa chumba cha kona akaja mbio na beseni la maji ya kufulia, akamwaga, na moto ukapanda juu ya maji ukatembea nao hadi mlango wa choo. Hapo ndipo baba mwenye nyumba alipotoka na taulo kiunoni, akafoka: "Acheni maji! Mchanga! Leteni mchanga!" Kulikuwa na rundo la mchanga la kumalizia ukuta. Watu na makarai, watu na mikono, watoto na vikombe. Ulizimika. Bampa lilikwenda, taa ya kushoto ikayeyuka, na nyaya za upande ule zote. Kaka alikaa bila nyusi hadi watu wakamzoea.

Mpangaji Sugu
Vitumbua je? Viliokoka?

Mtoto wa Tandika
Vilijaa mchanga vyote. Kaka alilipa bakuli zima la unga na kikaango. Mama yule hadi leo anamwita "Petroli".

Jicho la Mwewe
Chai. Injini imezimwa, petroli inarushwa na nini? Ongeza sukari.

Dada wa Starlet
Siyo chai mkuu. Gari la nozeli si kabureta. Pampu iko ndani ya tangi na ina valvu inayozuia mafuta yasirudi, ndiyo maana asubuhi ukipiga swichi linawaka upesi. Ile presha inabaki kwenye bomba hata gari limezimwa. Kwenye Corolla hizo unanyanyua siti ya nyuma, unachomoa soketi ya pampu, unawasha gari liungurume mpaka lizime lenyewe kwa njaa. Piga swichi mara moja tena. Toa teminali hasi ya betri. Halafu ndiyo unafungua, kitambaa juu ya nati. Na usiwe na jiko lolote karibu, la kwako wala la jirani.

Jicho la Mwewe
Sawa, nimeelewa kuhusu presha. Hiyo ya taulo bado naitilia shaka.

Boneti Wazi
Wakuu turudi kwenye sevisi. Nani alishabadilisha plagi mwenyewe?

Mpangaji Sugu
Huyo kaka bado anaendesha?

Makanika wa Likoni
Salaam ndugu zangu, sisi huku Mombasa tunawasoma. Swali la plagi nalijibu mimi. Kuna kijana wa hapa mtaani alimtolea babake nyaya zote nne za plagi kwa pamoja kwenye distribyuta (kigawa umeme wa plagi), azipanguse vumbi. Kuzirudisha ndiyo shughuli. Gari lilikohoa, likapiga mshindo kwenye ekzosi, paka wote wakahama. Mzee akalisukuma hadi kwangu mwenyewe. Mpangilio wa kuwaka wa hizo Toyota za silinda nne ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda. Toa waya mmoja, badilisha plagi, rudisha, ndipo uende wa pili. Na plagi uanze kuikaza kwa vidole, ikigoma usilazimishe, itoe uanze upya.

Fundi Halali
Makanika wa Likoni, hapo umesema. Watu wa uani hawajui "vidole".

Gia Kavu
Jamani, na tofali. Naona watu wanajekia gari halafu wanaweka tofali la sementi. Tofali halikuonyi, linapasuka papo hapo. Nunueni stendi, au tairi la akiba liingie chini ya bodi kabla wewe hujaingia.

Chuma Kizee
Gogo la mninga je?

Gia Kavu
Gogo zuri nakubali. Ila wewe una mninga wa kuchezea?

Shemeji wa Forester
Mimi nicheke tu. Shemeji yangu alikuja kunisaidia kumwaga oili kwenye Subaru Forester. Nati ya sampu ya injini ni ya 17. Nyuma yake kidogo kuna nati nyingine ya 17, ya haidroliki ya gia. Alifungua ipi? Akaniambia "oili yako bado safi, ina wekundu wekundu". Sikushtuka. Akafunga, akamimina oili mpya juu ya ile kuukuu iliyokuwa bado imo kwenye injini. Nawasha, moshi. Naweka D, gari linaungurama limesimama. Naweka R, vilevile. Shemeji anasema labda ni hendibreki.

Fundi Halali
Hahaha. Hao wa Subaru nawapata kila mwezi. Gia boksi lilipona?

Shemeji wa Forester
Lilipona, halikwenda hata mita kumi. Shemeji naye haji tena bila kupiga simu.

Binti Sahani Moja
Mimi sina mkasa ila kitu kimoja kwa wanaonunua gari kutoka Japani. Fungueni mlango wa dereva, angalieni kwenye nguzo, na ndani ya boneti pia. Huwa kuna stika ya oili, na nyingine ya mkanda wa taimingi, imeandikwa kilomita na tarehe. Mwaka wanaandika wa kwao, mfano 17. Mkiona namba hiyo kwenye gari za zama yao ya Heisei (1989 hadi 2019), jumlisha 1988, inakuwa 2005. Mimi yangu ilisema mkanda umebadilishwa kwenye kilomita 98,000, fundi alikuwa ananiambia "huu haujawahi kuguswa, lete hela".

Boneti Wazi
Hii dhahabu. Na 5A mkanda ukikatika pistoni hazigongi valvu, gari linazima tu njiani, ila nani anataka kuzimikiwa mlimani Kitonga?

Mgeni na Jeki
Wakuu samahani naingilia. Niko chini ya gari SASA HIVI, Carina, stendi mbili. Nati ya sampu imeviringa, spana inazunguka tu. Nafanyaje?

Gia Kavu
Spana ya aina gani? Tumia soketi ya pembe sita, siyo ile ya pembe kumi na mbili. Igongelee na nyundo kwanza iingie kwa shida.

Mpangaji Sugu
Choma nati kidogo na moto italegea.

Mtoto wa Tandika
Moto??? Umesoma uzi huu wewe?

Fundi Halali
Patasi na nyundo, piga pembeni kuelekea kushoto. Au uje kesho nikutoe kwa elfu tano.

Jicho la Mwewe
Biashara imeanza.

Mgeni na Jeki
Imetoka kwa soketi ya kugongelea. Asante Gia Kavu. Ila imetoka na nyuzi za sampu, kuna vyuma vyembamba vimezunguka kwenye nati.

Chuma Kizee
Kuna nati za ovasaizi, zinajichongea nyuzi zenyewe. Kaza taratibu.

Fundi Halali
Usidanganywe na nati ya ovasaizi, itakuachia barabarani. Tafuta sampu ya mtumba, toa hiyo, paka gundi ya gasketi, iache ikauke usiku kucha ndiyo utie oili.

Chuma Kizee
Yangu nimetembea nayo hadi nimeliuza gari.

Mgeni na Jeki
Wauza spea za mtumba Ilala wanafungua saa ngapi Jumatatu?

Makanika wa Likoni
Sijui ya Ilala, ila nenda na sampu yako mkononi, ulinganishe matundu.

Dada wa Starlet
Saa mbili wapo. Na toka chini ya hilo gari kwanza, simu utatumia ukiwa umekaa.