Eti "mtoto akirudi mapema, wewe utamfundisha nini?" Nimetoka kikao cha wazazi sasa hivi, nina hasira

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo. Naandika nikiwa nimesimama kwenye daladala, kwapa la mtu liko usoni, na hata hilo halinikeri kama nilichofanyiwa leo.

Yule mama mwenye shule mnamjua. Jina sitaji nisije nikafungiwa akaunti. Ukiwa na mtoto anayesoma ukanda wa Tabata unamjua, na kama huna mtoto, honi za mabasi yake zilishakuamsha.

Swali langu lilikuwa dogo. Binti yangu yuko la nne. Basi linampitia Chanika saa kumi na robo alfajiri, majogoo yenyewe yamelala, linazunguka Pugu, Gongo la Mboto, Ukonga, Banana, mpaka lifike shule mtoto hata jina lake halikumbuki. Anarudi Isha imeshaadhiniwa. Jumamosi "rimidio". Likizo "kambi". Nikasimama kwa adabu, mikono nyuma, nikauliza: hivi muda wote huo wanafanya nini?

Akavua miwani. Akavuta maiki.

"Baba, mtoto akirudi mapema, wewe utamfundisha nini?"

KWENYE MAIKI. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpaka mlinzi wa getini kacheka, na mshahara wake unatoka kwenye ada yangu.

Na sikuuliza kwa kubahatisha, madaftari nimeyakagua. Kipindi ni dakika 40: za kwanza wanapiga mistari kwa rula, zinazofuata wananakili ubao, kengele. Daftari la sayansi limeandikwa "Mada: Maji", tarehe imepigiwa mstari mara mbili, kalamu nyekundu imeweka vema, chini yake hakuna kitu. Wameisahihisha tarehe! Siku mwalimu hayupo binti yangu kiranja anaandika wapiga kelele. Orodha imejaa ukurasa mzima, ndiyo insha yake ndefu kuliko zote, na jina lake mwenyewe limo.

Halafu mimi ndiye wa kuulizwa nitamfundisha nini. Kwenye maiki. Mimi!

Mpiga Debe Mstaafu: Uzi mrefu ila swali hujajibu. Utamfundisha nini?

Mama Wawili: 😂😂 Jamani mwacheni baba wa watu. Ila na mimi nasubiri jibu.

Mleta uzi: Chekeni tu. Mimi ni fundi friji. Huyo binti anapima pini tatu za kompresa kwa mita, na anajua namba kubwa lazima iwe jumla ya zile mbili ndogo, isipokuwa hivyo waya umeungua ndani. Nani kamfundisha? Yule mama? Hiyo siyo hesabu? Hiyo siyo sayansi? Nilitaka nimjibu hivyo, maiki ikawa imeshapita kwa mwenyekiti wa kamati ya chakula.

Dogo wa Bonyokwa: Fundi friji! Nyie ndio mnachukua hela ya gesi halafu simu haipatikani. Yule mama kawasaidia wateja kulipiza kisasi.

Mama Wawili: Usinikumbushe mafundi friji. Langu lilienda kwa fundi linagandisha, likarudi linapasha moto.

Mleta uzi: Tusitoke nje ya mada. KWENYE MAIKI, wakuu.

Kalamu Nyekundu: Mimi ni mwalimu, niseme tu ukweli. Nikiwatoa darasani wakapime kivuli cha mnazi, kesho mzazi yuko ofisini: "Mbona daftari halina notisi?" Hizo notisi tunawaandikia nyie.

Mleta uzi: Mimi sijawahi kuulizia notisi. Mimi nimeulizwa nitamfundisha nini.

Bango Getini: NECTA wenyewe, baraza la mitihani, waliacha kutangaza kumi bora, lakini bango la kumi bora bado liko getini kwao, limepauka mpaka picha za watoto zimegeuka mizimu. Halafu serikali ilipopiga marufuku bweni kuanzia awali mpaka la nne mwaka 2023, hawa wajanja wakalihamishia bweni kwenye basi. Mtoto analala humo, anaamka humo, anakula chapati humo.

Mzee wa Msimbazi: Vijana, sisi tulisoma Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere aliitoa 1967, akasema shule iwe sehemu ya maisha. Tulikuwa na bustani, kuku, na duka la shule. Muda haukupotea.

Mpiga Debe Mstaafu: Shikamoo mzee. Hao kuku walikuwa wanaliwa na nani?

Mzee wa Msimbazi: Na mwalimu mkuu.

Binti Chamazi: Nyie mnalia muda umezidi. Shule ya mtaani kwetu madarasa hayatoshi, wanaingia kwa zamu. Wangu zamu ya mchana, asubuhi yote anajifunza matusi kwa makondakta. Mleta uzi, tubadilishane watoto.

Dogo wa Bonyokwa: Na bado. Mtaala mpya ulioanza 2024 unaishia la sita, kwa hiyo 2027 la sita na la saba wanamaliza pamoja. Hiyo foleni ya kidato cha kwanza mtaikumbuka ya Banana.

Mama Wawili: Mimi muda sina shida nao. Shida yangu ni SWETA. Joto lote hili la Dar, shule inataka sweta nzito, na lazima uinunue kwao.

Kalamu Nyekundu: Hapo naungana nawe. Watoto wanazifunga kiunoni, tunawaadhibu kwa kuzifunga kiunoni.

Bango Getini: Wetu waliongeza na tai. Tai, Julai sawa. Januari??

Mleta uzi: Jamani uzi wangu…

Binti Chamazi: Kariakoo zipo zile zile kwa bei chee, nembo unabandika mwenyewe.

Mama Wawili: Mtaa gani? Nataka maruni, mtoto wa miaka tisa, ila mnene.