Shule ya kijijini, ya Amu au ya kulipia bara: mwanangu nimuweke wapi?

MamaWawili_Pate

Assalaam alaikum wanabaraza.

Naomba rai zenu kabla Januari haijanifikia. Tuko kisiwa cha Pate, kijiji sitokitaja maana walimu nao wamo humu ndani. Nina wawili: wa kiume yuko gredi ya 4, wa kike anamaliza PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Baba yao ni mvuvi wa kamba, kaskazi ikishaingia humwoni mpaka bahari ichafuke. Kwa hivyo shauri ni langu na mamangu, na mamangu ana jawabu moja tu: mtoto alale kwao.

Nimelinganisha hivi.

Shule yetu ya hapa ina watoto 94 mpaka gredi ya 6, na wengine 21 wa JSS, yaani gredi ya 7 mpaka 9, kwenye uwanja huohuo. Chekechea iko ubavuni, hiyo ni ya kaunti. Gredi ya 1 na ya 2 ziko chumba kimoja, hawa wanatazama ubao huu na hawa wamewapa mgongo wanatazama ule. Karo hakuna, ila kuna mchango wa mpishi na kuni. Jabia lipo, mvua ikinyesha vizuri maji hufika Februari. Mwanangu hutoka nyumbani kengele ikianza kulia na huingia darasani haijanyamaza.

Shule ya serikali Amu, mjini Lamu: angekaa kwa dadangu mtaa wa Langoni. Kila gredi ina chumba chake na mwalimu wake. Lakini darasa nililochungulia mimi lilikuwa na watoto zaidi ya 60, watatu watatu dawati moja, na yule wa katikati ndiye anayeandika.

Ya kulipia iko bara, upande wa Mokowe. Sh18,000 kwa muhula, bweni ni hesabu nyingine. Wana basi, wana kompyuta, wana picha nzuri nzuri Facebook.

Kinachonikosesha usingizi ni kuwa mwezi wa Mei mwalimu wetu mmoja alipata uhamisho, na mpaka leo hajaletwa wa kushika nafasi yake. Mwenye uzoefu anisaidie. Siasa sitaki.

---

Msena_wa_Mkomani

Siasa utapata tu dada, hapa ni Lamu 😂

Mlete Amu. Kijijini atakuwa namba moja kati ya watoto 14, kisha akija kukutana na wenzake atashangaa.

---

MwalimuMstaafu

Waalaikum salaam mama.

Nimeshika chaki miaka 31, na 11 kati ya hiyo ilikuwa kwenye shule za namna ya hiyo yako. Nitakuambia nilichokiona.

Kwanza hilo la gredi mbili chumba kimoja. Watu hulisikia wakashika tama. Mimi nimelifundisha. Akiwa ni mwalimu anayejipanga, gredi ya 2 wanafanya hesabu kimya huku yeye anasomesha gredi ya 1, baada ya dakika 15 anageuka. Mtoto wa gredi ya 1 mwenye masikio mepesi huwa ameshayasikia ya gredi ya 2 kabla hajapanda. Akiwa hajipangi, nusu ya darasa inakaa bure mpaka kengele. Kwa hivyo usiulize "mmechanganya?" Nenda ukakae nyuma ya darasa saa nne asubuhi, siku isiyokuwa na mgeni, uwatazame wale waliopewa mgongo wanafanya nini.

Pili ni pesa, maana hapa ndipo shule ndogo huumia na wazazi hawajui. Serikali hutoa Sh1,420 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, na fungu hilo linafuata idadi ya vichwa. Watoto 94 ni Sh133,480. Shule ya mjini yenye watoto 600 inapata Sh852,000. Lakini bati likitoboka, fundi hakuulizi una watoto wangapi. Mlango ni mlango, na kufuli bei yake ni moja. Tena pesa zenyewe huja kwa mafungu ya muhula, na mara nyingi huchelewa. Ukiona mkuu wa shule anaomba mchango wa kuni usimuone mwizi. Muombe hesabu, ni haki yako, sheria ya elimu ya 2013 imewapa wazazi chama chao ndani ya shule. Wengi wenu hamuhudhurii mkutano, kisha mnakuja kulalama barazani.

Tatu ni lugha, na hili sioni mtu akilitaja. Palikuwa na mtoto aliandika "mato yaniuma". Mwalimu mgeni, kijana mzuri tu kutoka bara, akamtia msalaba mwekundu. Mtoto akakaa wiki nzima hataki kuandika. Mwalimu mwenzetu mzaliwa wa Siyu akamwita pembeni, akamwambia: nyumbani ni mato, kwenye daftari ni macho, na yote mawili ni yako. Kesho yake daftari likajaa. Mtaala wenyewe unataka gredi za chini zifundishwe kwa lugha ya mtoto. Kwa huyo wako wa PP2, mwalimu anayejua kuwa "ndia" ni njia na "kuya" ni kuja ana thamani kuliko kompyuta.

---

BintiFaza

Mimi ndiye yule mtoto aliyepelekwa Amu. Nilikuwa na miaka tisa.

Sitomsema vibaya mama mkubwa wangu, Mungu amrehemu, alinilea kama wake. Lakini mgeni ni mgeni. Nilikuwa nikila haraka ili nisionekane nala sana. Nikiumwa kichwa nanyamaza. Jioni wenzangu wakirudi kutoka madrasa wanapokewa na mama zao mlangoni, mimi napokewa na sinia la vyombo. Kusoma nilisoma, na leo ni muuguzi alhamdulillahi. Ila mpaka leo nikisikia boti inatia moto gatini tumbo hunikata.

Na usisahau safari. Mlango wa Mkanda, njia ya boti ya kwenda Amu, maji yakitoka boti haipiti, kwa hivyo mtoto harudi nyumbani Ijumaa kwa saa ya shule, hurudi kwa saa ya maji. Nilikuwa narudi kwetu mara moja kwa mwezi, kusi likichachamaa hata hiyo moja nakosa. Kama dadako ana watoto wa rika moja na wako, hapo pana afueni. Kama hana, fikiri mara mbili.

---

Msena_wa_Mkomani

Lakini dada si umekuwa muuguzi? Ungebaki kisiwani ungekuwa?

---

BintiFaza

Darasa letu la kijijini tulikuwa 17. Mmoja aliyebaki ni mwalimu, mmoja ni nahodha mwenye boti yake. Wengine wako majumbani. Kwa sisi tuliokwenda Amu hali ni hiyohiyo, wengine wametoka na wengine hawakutoka. Usinihesabu mimi peke yangu.

---

Baba_Hindi

Mimi niko bara, watoto wangu wawili wamepita shule za kulipia, nasema nilichokilipia mwenyewe.

Hiyo 18,000 ni mlango tu. Ongeza basi, ongeza sare ya michezo, ongeza vitabu vyao, maana vitabu vya serikali ni vya shule za serikali. Ongeza "safari ya masomo". Mimi ilinifikia karibu mara moja na nusu ya ile niliyotajiwa.

Walimu vijana wana bidii, hilo siwanyimi. Lakini TSC, tume ya walimu wa serikali, ikitangaza ajira wote huomba, hata mimi ningeomba. Mwaka mmoja mwanangu alibadilishiwa mwalimu wa hisabati mara tatu. Kwa hivyo mama, hilo la mwalimu kuondoka unalolikimbia kisiwani utalikuta huku, tofauti ni kuwa huku utakuwa umelilipia.

Bweni kwa mtoto wa miaka kumi mimi sikukubali hata nilipokuwa na uwezo. Na tangu ule moto wa Nyeri wa Septemba 2024 uliochukua watoto 21, mke wangu hataki hata kulisikia neno lenyewe.

---

Usita_wa_Mui

Mnazungumza gredi ya 4 kana kwamba ndiyo mwisho. Mama ametaja JSS ya watu 21 na mkaipita.

Masomo ya gredi ya 7 mpaka 9 ni tisa. Shule yenye watoto 21 itapewa walimu wangapi? Kwetu walikuja wawili, mmoja wa intani. Wa Kiswahili na dini ndiye huyohuyo aliyefundisha sayansi, na jaribio la kemia lilifanyika kwa chaki na maneno. JSS inapata Sh15,042 kwa mtoto, watoto 21 ni kama laki tatu na kumi na tano. Mtajenga maabara kwa hizo?

Na ndiko kwenye mtihani wa maana. KJSEA, mtihani wa gredi ya 9, ya kwanza ilikuwa 2025, na ndiyo inayompeleka mtoto sekondari ya juu. Kwa walimu wa bara pia tusidanganyane: tangu mashambulizi ya Mpeketoni 2014 wengi wakipangiwa Lamu wanatafuta barua ya kurudi kabla hawajafungua sanduku. Kuna marupurupu ya mazingira magumu, na bado wanaondoka. Kijiji kidogo ndicho huhamwa mwanzo.

Mimi shule ndogo naipenda kwa watoto wadogo. Kwa wakubwa siipendi.

---

MwalimuMstaafu

Hapo umesema kweli, sina la kuongeza. Niliandika kwa msingi tu.

---

MamaWawili_Pate

Ahsanteni nyote. BintiFaza umeniliza.

Swali: nikimhamisha wa gredi ya 4 Januari, alama zake za huku zinapotea? Kuna mtu gatini kaniambia anaanza upya.

---

MwalimuMstaafu

Watu wa gatini wana mengi.

Hazipotei ikiwa zimeingizwa. Mtoto hupewa namba yake ya tathmini ya KNEC, baraza la mitihani, tangu gredi ya 3, na hiyo anakwenda nayo popote. Katika KPSEA, tathmini ya mwisho wa msingi, karatasi ya gredi ya 6 ni asilimia 40 tu. Ile 60 hutokana na kazi za shuleni za gredi ya 4, ya 5 na ya 6, 20 kila mwaka. Kwa hivyo mwanao hivi sasa yuko ndani ya mtihani tayari, na wengi hawalijui hilo. Muulize mkuu wa shule, kwa adabu: alama za mwaka huu zimepelekwa? Asipate kukujibu "tutazipeleka". Mwambie akuonyeshe.

Na KPSEA haimfungii mtoto mlango. Kila mmoja anapanda gredi ya 7. KCPE ya darasa la nane, ile ya kutuvunja mioyo, ilikwisha 2023.

Ukihama, chukua barua ya uhamisho, na shule ya zamani imwachilie kwenye mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi. Wasipomwachilia, shule mpya haimpati kwenye mfumo na fungu lake haliji. Cheti cha kuzaliwa cha yule mdogo unacho? Kama huna, anza leo. Usingoje Januari kila mtu akiwa foleni.

---

MamaWawili_Pate

Ninacho cha mkubwa. Cha mdogo nina kikaratasi cha zahanati tu. Nimeshikwa.

---

MamaWawili_Pate *(siku tisa baadaye)*

Nimekwenda. Jumanne, saa nne kasorobo, sikumwambia mtu. Nilikaa nyuma juu ya gunia la mchele, viti vyote vina watu.

Mwalimu wa gredi ya 1 na 2 ni binti mdogo, hafiki miaka 30. Amewapa gredi ya 2 kazi ya kupima chumba kwa kamba yenye mafundo, kila fundo ni mkono mmoja. Wako chini sakafuni wanagombana kwa minong'ono: kumi na mbili, la, kumi na tatu, umeruka fundo! Huku yeye anawasomesha gredi ya 1 silabi. Kuna kitoto cha gredi ya 1 shingo yote imegeuka nyuma kinahesabu mafundo. Mwalimu alikiona, akakiacha, akaendelea. Nikamkumbuka MwalimuMstaafu.

Kisha nikapita gredi ya 4, kwa mwanangu. Hapana mwalimu. Saa nne na nusu, hapana mwalimu. Ndiyo nafasi ya yule aliyehamishwa. Mkubwa wa darasa ameandika maneno ubaoni wanayanakili, na mwanangu ameshamaliza, anachora jahazi. Jahazi zuri, na tanga na foromali. Lakini ni jahazi kwenye somo la sayansi.

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Hakunificha: barua za kuomba mwalimu ameandika nne, akanionyesha nakala. Alama za gredi ya 4 zilikuwa hazijapelekwa kwa sababu mtandao ulikuwa haupatikani ila juu ya tuta la msikiti. Tukapanga. Mwanangu mwingine wa Mombasa (wa ndugu yangu, yuko likizo) akakaa naye kwa simu mpaka magharibi wakaziingiza zote, na sisi kina mama tukawapelekea mahamri. Mkutano wa wazazi uko Jumamosi, na tumekubaliana akina mama 11 tutakwenda na jambo moja tu: mwalimu wa gredi ya 5 Januari, na kama hakuna, wazazi tuchange tumuweke kijana wa hapa aliyemaliza chuo cha ualimu na amekaa nyumbani.

Mdogo anabaki, hilo nimelimaliza. Anaanza gredi ya 1 kwa yule binti.

Mkubwa nampa mwaka wa gredi ya 5 hapa, kwa sharti la mwalimu. Asipopatikana mpaka mwisho wa muhula wa kwanza atakwenda Langoni, na nimeshamwambia dadangu kuwa vyombo ataosha kwa zamu na wanawe, si peke yake. Amecheka, amekubali. JSS atasomea Amu kwa vyovyote.

Ile ya bara nimeiacha.

---

BintiFaza

Akienda, Ijumaa ya mwanzo mfuate wewe. Usingoje aje.

---

Msena_wa_Mkomani

Na hicho cheti cha mdogo?

---

MamaWawili_Pate

Nakuja Amu Jumatatu na kikaratasi changu. Mwenye kujua boti ya alfajiri siku hiyo, maji yakiwa bamvua, inang'oa saa ngapi Mtangawanda?