Mwanangu aache kucheza hoki ya barafuni awe kocha msaidizi? Naomba ushauri

Baba wa Ontario:
Ndugu zangu, salaam. Mwanangu wa kwanza ana miaka 31 na ni beki katika ECHL, ligi ya hoki ya barafuni iliyo ngazi mbili chini ya NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Katika misimu saba ameitwa AHL, ligi iliyo kati ya hizo mbili, mara mbili tu, na mara zote mbili alirudishwa kabla hajazoea chumba cha kubadilishia nguo. Goti lake la kushoto limepasuliwa mara ya pili, na sasa klabu inamtaka awe kocha msaidizi. Mama yake anataka arudi Kanada akasomee ufundi umeme, kwa kuwa mshahara waliomtajia ni mdogo, na nyumba anayopewa kama mchezaji hana hakika nayo tena. Nilipomtembelea nilimkuta saa nane za usiku, barafu gotini na kompyuta mapajani, akikata vipande vya video za mabeki wageni, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Je, huyo ni kocha, au ni mtu anayekataa kuukubali mwisho wa mchezo wake?

Fimbo Ndefu:
Shikamoo mzee. Mtazame Jared Bednar, ambaye naye alikuwa beki wa ligi hiyohiyo na hakuwahi kucheza NHL. Alistaafu mwaka 2002 akawa kocha msaidizi palepale katika klabu yake, South Carolina, akakabidhiwa timu mwaka 2007 na kutwaa Kombe la Kelly, ubingwa wa ECHL, mwaka 2009. Alipanda AHL akawa kocha mkuu, lakini mwaka 2012 alirudi kuwa msaidizi, jambo ambalo wengi wangeliona aibu. Colorado, timu ya NHL, walimchukua mwaka 2016, wakamaliza msimu wake wa kwanza wakiwa mkiani, na mwaka 2022 akanyanyua Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL. Hesabu miaka hiyo, mzee, kabla ya kuhesabu makombe.

Mama Zawadi:
Shemeji, huyo ni mmoja. NHL ina timu 32, kwa hiyo makocha wakuu ni 32 tu, na wanaozitamani nafasi hizo hawahesabiki. Tena, ikiwa anafanya kazi Marekani kwa viza ya mwanamichezo, asidhani ataamka siku moja akiwa kocha kwa karatasi zilezile. Klabu ishughulikie kibali chake kabla hajaukana mkataba wa kucheza.

Kocha Mstaafu:
Nimefanya kazi hiyo katika ligi ndogo. Katika klabu nyingi za ngazi hiyo kocha mkuu ndiye pia anayesajili wachezaji, na mechi za msimu ni 72, hivyo msaidizi hubeba mengi au huishia kukusanya vidude vya kuchezea (puck) mazoezini. Tofauti ya hali hizo mbili ndiyo itakayoamua iwapo kuna mtu atakayemwajiri baadaye. Amuulize bosi wake swali moja: ni sehemu gani ya timu itakuwa yangu? Akijibiwa kwamba “utasaidia popote”, basi mama yake ana haki. Kuhusu video za usiku, mimi ningemwajiri kwa hizo tu.

Baba wa Ontario:
Marahaba kijana, nanyi wengine asanteni. Nilimpigia mwanangu, naye akamuuliza bosi wake. Amepewa mabeki wote, pamoja na mbinu za kujilinda timu inapopungukiwa mtu kwa adhabu. Suala la nyumba bado halijajibiwa, na mama yake amesema hatazungumza lolote hadi liandikwe kwenye mkataba.